Mrenda Katikati ya Mwanga

Kitale, 4 Mei 2025

Mjukuu wangu Viola,

Kosa la watu wengi ni kung'oa kila ambacho hawakukipanda. Kabla sijaendelea: u mzima? Huku tu wazima, ila magoti yangu yanalalamika na mvua hii. Nyanya yako, Kukhu Wilkista, anakusalimu.

Unasema utaiondoa kazi yako ya utafiti kwenye mkutano wa Ijumaa. Katika hesabu zako za kompyuta ulitarajia mwanga mkali upite kwenye mvuke wa sodiamu, urudishwe na kioo, ubaki umeenea sawasawa. Kompyuta inakuonyesha madoa, nawe unayafuta ukidhani ni makosa. Ngoja nikueleze, ualimu haujanitoka. Mwanga hafifu huuacha mvuke ulivyo. Mwanga mkali huugeuza mvuke, nao mvuke huugeuza mwanga, na vikizidi kusukumana hivyo usawa huvunjika wenyewe. Huenda hesabu zako zinasema kweli.

Acha madoa yakue. Kisha badilisha ukubwa wa vyumba vya gridi, vile viraba ambamo kompyuta hupigia hesabu. Kosa la kompyuta litahama na vyumba; sheria ya mwanga itakaa palepale.

Kuka wako,
Wakoli

Bungoma, 8 Mei

Mulembe, Kuka. Magoti yametulia? Mimi sijambo, ila silali. Barua hii na picha ya madoa nazituma kwenye simu ya Kukhu.

Nimejaribu gridi tatu. Umbali kati ya madoa ni uleule! Kila doa limezungukwa na mengine sita, kama sega la nyuki, na hakuna aliyeyachora. Niliyatazama hadi chai ikapoa. Dkt. Jepchirchir, msimamizi wangu, akaja: "Si ndio hii! Na ulikuwa unayafuta? Viola bana, unapalilia mwanga?"

Nikakumbuka shamba lenu kule Kwanza, nilipong'oa mrenda wote kati ya mahindi nikidhani ni magugu. Kukhu alifoka: "Mtoto wa taun! Sasa tutakula ugali na nini?"

Lakini Kuka, muhtasari niliotuma unasema mwanga unabaki sawa. Kesho nikisimama, si wataniona sielewi kazi yangu mwenyewe? Bado nafikiria kujiondoa.

Mjukuu wako,
Viola

Kitale, 9 Mei, asubuhi

Viola wetu,

Mulembe. Kukhu atapiga picha ya barua hii akutumie kwa simu. Vidole vyangu hugusa herufi mbilimbili.

Nimeyatazama madoa yako mpaka nikasahau kunyoa. Maisha yangu yote nilichora pembesita ubaoni kwa rula. Wewe umeuona mwanga ukizichora wenyewe, na ukahakikisha kwa gridi tatu. Kukhu anasema mrenda umejaa tena, uje uchume, lakini usiguse mahindi.

Muhtasari ulisema ulichotarajia. Watu wamekuja kusikia ulichokiona.

Leo, ukisimama, waonyeshe madoa kwanza.

Kuka wako