Presha ya Mimba ya Zuhura

Jumanne

Nani kamwambia? Mama Hadija ni mshauri wa afya wa mtaa wetu, kunipima presha ni kazi yake. Lakini mimba ya miaka kumi na tatu iliyopita inamhusu nini?

"Ulipobeba mimba ya Zuhura, presha ilipanda?"

Nikasema hapana. Mimi niliyepasuliwa kabla ya miezi kutimia kwa presha hiyohiyo! Hapa Nyamirambo neno halikawii kufika kwa mawifi, na wao walishasema nina mkosi.

Akasema taratibu, "Kama ilipanda, moyo wako unatakiwa kuangaliwa mpaka leo."

Alipotoka nikaanza kumlaumu mume wangu kwa sauti, kwamba ndiye kanitoa siri.

"Ni mimi niliyemwambia, Mama," akasema Zuhura. "Ukiendesha cherehani nasikia unavyohema."

Kesho naenda kwa Mama Hadija kuifuta ile hapana. Ila wifi akijua, nitajua nani kasema.