Mvua Inayomeza Sauti

Machi 3

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua ungeanza kwa kuniamkia. Kifua kimepona? Sisi wazima, ila roho juu. Mvua imebadilika. Zamani ilinyesha taratibu kutwa, na hospitali ya mjini tukaongea nayo vizuri. Siku hizi inatususa, kisha inamwagika kwa kishindo, na redio ya zahanati inakuwa bubu papo hapo. Juzi niliita gari la wagonjwa mpaka koo likakauka. Mjamzito tukambeba kwa machela matopeni. Kapona kwa kudra tu. Wewe ndiye fundi mitambo wa hospitali: kuna nini? Mdogo wako anajifungua mwezi ujao.

Mama yako

Machi 12

Shikamoo mama,

Kifua kimepona, wasiwasi ndio umebaki. Mnara mpya wa mawasiliano, unaobeba sauti ya redio yenu, unatumia mawimbi madogo mno. Matone makubwa yakishuka kwa pamoja yanayameza njiani. Waliojenga walipimia mvua ya zamani. Nimemweleza bosi, akasema, “Mvua hupita.” Nikamuuliza, “Na uchungu wa uzazi nao usubiri?” Akaangalia saa yake.

Dereva wa lori atakuletea redio kuukuu ya stoo. Mawimbi yake makubwa, mvua haiyatishi. Funga waya wake wa antena kutoka paani hadi kwenye tangi la maji. Pacha wake nimemweka mezani kwangu. Tafadhali, mlete mdogo wangu mjini mapema.

Binti yako

Aprili 2

Mwanangu,

U mzima? Waya nimeufunga mwenyewe, majirani wakinicheka kupanda ngazi uzeeni. Mdogo wako kagoma kuja: “Nikazalie kwa wageni, na mama yangu mkunga?” Kichwa kigumu, mmefanana. Leo joto linafukuta. Nimekuita asubuhi, kimya. Unanisikia kweli?

Mama yako

Aprili 9

Shikamoo mama,

Bosi alikuwa amenihamishia chumba cha chini, redio haikushika kitu. Barua yako ilipofika nikaihamishia redio juu ngazini, nikakaa nayo hapo, kazi zikilala. Juzi mchana mvua ikapasuka, mnara ukazimika. Mkwaruzo, kisha wewe: “Damu haikatiki! Leteni gari!” Nilikimbia nikaacha kiatu.

“Nani kaita?” dereva akashangaa. “Mawasiliano si yamekufa?”

“Mama yangu. Washa gari!”

Wewe umebaki na wagonjwa wako, basi nikutoe hofu: mdogo wangu alifika hai, ameongezewa damu, anakunywa chai. Mtoto wa kike, mzito, mkali.

Wenzangu wa hospitali wananiambia nikae nile. Nimesimama dirishani. Wingu limehamia mabonde ya upande wa pili, na stoo haina redio nyingine. Huko nako kuna mkunga anaita, mama, na hakuna anayemsikia.

Binti yako