Kipa Anapatiwa Huduma

Nyamagana, Mwanza
12 Februari 2024

Mwanangu Jovina,

Hujambo? Mimi mgongo ni ule ule, ila baba yako mdogo bado ana nguvu za kukaa kwenye kiti cha studio. Kifua chako nacho? Naambiwa unalala na kufanya kazi chumba kimoja.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mimi na wewe tukipigiana simu tunaishia kutangaza.

Nimeisikiliza hiyo podikasti yenu. Mwenzako Venant, mliyeanzisha naye, alinitumia bila haya, kama mtu anayempelekea jirani picha za harusi. Nikasikia jogoo. Nikasikia bajaji ikipiga honi. Nikasikia mtu, nadhani ni mwenye nyumba wako, akiuliza nani kamaliza maji ya ndoo. Katikati ya soko hilo nikamsikia mwanangu, niliyemfundisha kwa mdomo wangu mchezaji aliyeotea ni yupi, akikiita chumba cha kupanga cha Pasiansi "studio zetu".

Siku hizi kila mwenye simu na mdomo ni mtangazaji. Kinyozi wangu ana kipindi. Ananikata nywele huku anachambua safu ya ulinzi, na vyote viwili anaharibu.

Umeiacha Redio Sangara, inayosikika Sengerema mpaka Ukerewe, kwenye kambi za wavuvi na kwa kina mama wanaoanika dagaa, ukaenda kurekodi ndani ya kabati la nguo. Najua una hasira ya siku ile. Ndiyo, nilizima maiki yako. Mimi ni mkuu wa michezo. Mkurugenzi Shimba alikuwa amesimama mlangoni anapitisha kidole shingoni. Ulitaka nifanyeje?

Rudi. Nimewaambia watu una malaria.

Ni mimi baba yako mdogo,
Renatus


Pasiansi
3 Machi 2024

Shikamoo Baba Mdogo,

Kifua kizima, na malaria sina. Mwambie Mkurugenzi. Mgongo wako uupumzishe, umeinama sana miaka hii.

Unaandika "siku ile" kana kwamba ilinyesha mvua tu. Basi niiandike mimi, maana redio yako haikuisema.

Dorcas, kipa wa Mwambao Queens, alitoka golini kuufuata mpira, akagongana na mshambuliaji, mguu ukavunjika chini ya goti. Hapakuwa na gari la wagonjwa, hapakuwa na machela, hapakuwa na hata mtu wa kufunga bandeji. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mayala, akasema mechi isisimame. Wakamburuta nyuma ya goli, akalala kwenye kokoto mpaka filimbi ya mwisho. Wenzake ndio waliong'oa mti wa kibendera cha kona wakamfungia mguu, wakampakia kwenye bodaboda. Baadaye klabu ikamwambia mchezaji asiyecheza si mchezaji.

Wewe ndiye uliyekuwa unatangaza mechi hiyo. Meza yako ilikuwa jirani na goli lile. Nilikuwa studio nakusikiliza. Ulisema, "Kipa anapatiwa huduma," ukaendelea na mpira wa kurushwa.

Mimi nikamfuata Dorcas kwao, nikamrekodi, nikaileta sauti yake hewani. Alipofika kwenye neno "bodaboda" ukanizima, ukaweka tangazo la magodoro. Na mwenye kiwanda cha magodoro ni nani? Mayala.

Unanitambia studio. Ile yenye kiyoyozi, tunamokaa kusoma matokeo ya Ulaya tuliyoyaokota kwenye simu hizo hizo unazozidharau, halafu tunasema "taarifa zilizotufikia". Zimetufikia kutoka wapi, Baba Mdogo? Huku kwangu jogoo anawika, kweli. Lakini hakuna anayesimama mlangoni na kidole shingoni. Na Dorcas alisema mpaka akamaliza.

Redio Sangara, jina limewafaa. Sangara aliingia ziwani akawala furu, visamaki vya asili vya humo, sasa anashangaa kwa nini kuko kimya.

Mwanao,
Jovina


Nyamagana
20 Juni 2024

Mwanangu Jovina,

Salamu. Natumaini afya ni njema kuliko adabu.

Mwenzako Venant nimemwona kwenye simu ya kinyozi. Yuko Dar, amevaa kofia ya kampuni ya kubeti, anakata viuno. Huyo ndiye mliyekuwa mnakwenda naye kuukomboa utangazaji. Hongereni.

Kubwa ni hili. Mayala amepeleka malalamiko chama cha mpira kwamba wewe na yule binti mmemzushia. Kikao kiliniita mimi kama shahidi. Nilivaa tai. Wakaniuliza kama kipa alihudumiwa. Nikawajibu kama nilivyosema hewani, kwamba alipatiwa huduma. Mtangazaji hana maneno mawili.

Usinune. Ningesema vingine, kesho yake ningeamka mimi ni nani? Mzee mwenye sauti nzuri asiye na pa kuiweka. Wewe ni kijana, unaweza kuishi na jogoo. Omba radhi, ufute hicho kipindi, yaishe.

Baba yako mdogo,
Renatus


Pasiansi
9 Agosti 2024

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi mzima. Venant ameondoka, ni kweli, na maiki nzuri kaondoka nayo. Hii niliyobaki nayo inakoroma kama mzee wa Kihaya aliyeshiba.

Sikufuta wala sikuomba radhi. Kikao kilikaa tena, na safari hii wachezaji wa Mwambao wakaenda wote, hata wale ambao Mayala aliwatishia kuwatema. Mwendesha bodaboda naye akaja, Machibya, na kofia yake ngumu mkononi. Mwenyekiti wa kikao akamuuliza, "Una uhakika mguu ulikuwa umevunjika?" Machibya akamjibu, "Mheshimiwa, kila shimo alilia. Mimi ndiye niliyekuwa nachagua mashimo." Watu wakainamisha vichwa.

Mayala ameondolewa uenyekiti. Klabu imeamriwa kumtibu Dorcas mpaka apone. Daktari anasema kudaka, basi tena. Atatembea, lakini atachechemea. Ana miaka ishirini na mbili.

Nilidhani ungependa kujua kwamba wewe hukutajwa na mtu. Maelezo yako yalisomwa, kikao kikayaruka kama mtu anavyoruka dimbwi, wakaendelea.

Mwanao,
Jovina


Nyamagana
15 Januari 2025

Mwanangu Jovina,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kukusalimu, mambo yalikuwa mengi.

Redio Sangara imeamua kuchukua matangazo yote ya michezo kutoka Dar. Huku Mwanza atabaki kijana mmoja wa kubonyeza mitambo, na mchekeshaji mmoja wa asubuhi ambaye hajui refa na mshika kibendera wanatofautianaje. Shimba alinifanyia hafla. Soda, sambusa baridi, na saa ya ukutani. Akanisifu kwa jina la Rugambwa. Rugambwa ni yule wa matangazo ya vifo.

Sasa. Nimetafakari, nimeona nikusaidie. Hicho kipindi chako kina wasikilizaji, hata kinyozi anakusikiliza, lakini kinakosa sauti yenye uzito. Nitakuja kutangaza nawe mechi za kina dada. Sharti langu ni moja. Habari za yule kipa zisiguswe. Zimeshapita, na kila mtu amepata haki yake.

Nijibu mapema, watu wengine pia wananihitaji.

Baba yako mdogo,
Renatus


Pasiansi
2 Februari 2025

Shikamoo Baba Mdogo,

Pole kwa kazi. Pole ya kweli.

Sharti silikubali. Anayetangaza nami siku hizi ni Dorcas mwenyewe. Kipa huuona uwanja wote, na yeye hana haja ya kupamba. Mwambao Queens wanacheza nyumbani Jumamosi ya kwanza ya Machi. Benchi letu lina nafasi ya mtu wa tatu. Ukija, utatangaza. Mapumziko nitakuuliza uliona nini, maiki ikiwa wazi.

Usiseme baadaye kwamba sikukwambia.

Mwanao,
Jovina


Pasiansi
10 Machi 2025

Shikamoo Baba Mdogo,

Sijui kama mgongo umetulia baada ya kukaa kwenye benchi lile. Simu hupokei, basi nimeirudia kalamu.

Ulikuja. Sikutegemea. Ulikuja na koti la suti kwenye jua lile, ukasalimia mpaka waokota mipira. Na kipindi cha kwanza ulikitangaza kama ulivyokitangaza. Sitasema uongo, mkoa huu hakuna anayekufikia. Muuza karanga alisahau kuuza. Uliposema winga wao anakimbia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, Dorcas alicheka mpaka akashika ubavu. Nikajisemea moyoni, huyu ndiye aliyenifanya niitake kazi hii.

Mapumziko nikakuuliza kwa upole, kama mtoto anavyomuuliza mzazi. "Baba Mdogo, siku Dorcas alipovunjika mguu, wewe uliona nini?"

Ukafuta jasho.

Dorcas akasema, "Mimi nilikuona, mzee. Nilikuita. Nilikuita kwa jina, maana tulikuwa tunakusikiliza nyumbani tangu niko mdogo."

Ukainama kwenye maiki, na ile sauti yako ikatoka bila mkwaruzo wowote. "Wasikilizaji, tupumzike kidogo kwa matangazo ya biashara."

Dorcas akakuangalia. "Mzee," akasema, "sisi hatuna matangazo."

Ndipo ukavua hedifoni, ukaziweka juu ya meza taratibu kama zitavunjika, ukaondoka. Tulikutazama ukivuka uwanja kwa miguu, katikati kabisa, timu zikiwa zinaingia. Refa alingoja upite.

Watu wananiuliza kama nitakata kipande hicho. Sikukata. Kinasikika benchi linavyolia ulipoinuka, halafu upepo, halafu Dorcas anasema, "Haya, kipindi cha pili."

Nimekudharau mwaka mzima, Baba Mdogo, na nilidhani Jumamosi nitaifurahia. Sikuifurahia. Ila dharau haikuondoka. Imekaa tu mahali pake, kama mgeni aliyeshaonyeshwa chumba.

Mama amepiga simu kutoka Kamachumu. Anataka Pasaka tuwe wote nyumbani, ndizi zimekomaa. Nenda, na mimi nitakwenda. Nitakunawisha mikono, nitakupakulia kwanza wewe kabla ya watu wote. Watu wakikuomba usimulie mechi za zamani, simulia, nitasikiliza. Mimi sitakuuliza tena kitu chochote.

Mwanao,
Jovina