Bukari Yenye Kapinga Alichora

Kolwezi

Mama yangu mupenzi,

Jambo yako, na jambo ya bote ba nyumba. Kikohozi yako inaendelea namna gani? Mi mwili iko muzuri, lakini roho inalemea, na hapa sina muntu wa kuambia.

Unajua mi nafundisha kuchora: afishi za kubandika ku ukuta, bibao bya maduka, bitu bya vile. Mwezi yenye ilipita, niliomba banafunzi bachore afishi ya kukataza bachimbaji ba madini ba Mutoshi kutoboa udongo kwa chini ya shimo, sababu inabaangukia. Bengi habajue kusoma. Darasa yote ikachora kichwa ya mufu. Nikasema: "Hiyo kila muntu ameizoea. Muniambie, ile shimo inafanana na kitu gani ya nyumbani?"

Kapinga, binti mupole mwenye kaka yake anachimba kule, akajibu: "Inafanana na bukari ya unga ku sahani, Mwalimu. Batoto bakiimega kwa chini chini, ya juu inabaangukia ku bidole."

Mama, nilimupa karatasi. Akachora kilima ya bukari, imetobolewa chini, na mikono ya batu bakubwa ndani. Hata neno moja hakuandika.

Tukaipeleka Mutoshi. Bachimbaji balicheka, halafu bakasogea karibu. Balielewa haraka kuliko darasa yangu. Kaka ya Kapinga aliiangalia sana, akasema: "Dada, tumesikia. Lakini ile bukari njo tunatafuta." Akafunga taa ku kichwa, akashuka.

Kisha siku nane, mvua ikanyesha, udongo ukaanguka. Balitoa batu babili bazima. Yeye hapana.

Kapinga alirudia masomo juma hii. Karatasi yake inabakia nyeupe. Jana niliinama karibu yake, nikamuuliza kama anataka kupumuzika. Akasema: "Mwalimu, hata nikiona kikombe, naona shimo. Uniondolee hii macho."

Mi njo nilimufundisha kuangalia vile. Kumuondolea, Mama, sijue. Nilikamata tu penseli yake, nikaichonga, na ilikuwa imekwisha kuchongwa.

Uniombee. Usalimie Baba, na mudogo wangu wa kike, na shangazi wa soko ya Dilolo. Umuambie kitenge yenye alinitumia ilifika. Kama kuko neno ya kuambia huyu binti, wewe mwenye umezika batoto babili, uniandikie.

Mutoto wako wa kwanza,
Kasongo