Nilivyoingia Ndani ya Boti Yangu

Kaloleni, Kisumu

Dada yangu Mshai,

Nakusalimu wewe na wote hapo Wundanyi. Mgongo wako umepoa, au bado unabeba kabichi mwenyewe hadi barabarani? Na Mama, miguu yake inaendeleaje na baridi ya huko? Mimi sina homa wala kikohozi, ila vidole vinaniwasha kwa vumbi la faiba ya boti, hata ugali naula kwa kijiko.

Uliniuliza kwenye simu pesa zimeenda wapi, nikakujibu kwa mkato kwa sababu niliona aibu. Sasa nakueleza yote. Sababu ya kutaka boti unaijua. Hapa ufuoni mwa ziwa mwanamke muuza samaki asiye na boti humngoja mvuvi, na mvuvi akishaona huna pa kwenda, pesa pekee hazimtoshi, anakutaka na wewe mwenyewe. Miaka sita nimekataa, na miaka sita nimeuziwa samaki waliobaki. Nimechoka, dada.

Boti niliipata kwa elfu hamsini, imelazwa kifudifudi kwenye nyasi, kuku wametaga chini yake. Ni ya faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, imara, ila tumbo lilikuwa na nyufa. Elfu thelathini zako na akiba yangu nilizigawa kwa mkeka wa faiba na rezini ya kuugandisha, msasa, rangi, na fundi Onyango, ambaye kazi yake hasa ni kuunga bampa za magari. Tulisugua siku tano, tukabandika tabaka tatu, nikapaka rangi ya kijani. Niliringa kweli! Watu walisimama kuangalia.

Ujinga wangu uko hapo. Nilimaliza pesa kwa rangi kabla sijatazama ndani. Wanaume wanane walipoipindua boti, Baba Akinyi, nahodha niliyekubaliana naye, akagonga ubao wa nyuma unaobeba injini.

"Mama, hii imeoza," akasema. "Sikia vile inalia."

Fundi akatoboa tundu, maji ya rangi ya chai yakatiririka. Ubao ulikuwa umefunikwa kwa faiba pande zote, kwa hiyo nje unang'aa na ndani ni uji. Tungefunga injini pale, ingeng'oka, boti ikazama na watu wangu.

Onyango alitaka elfu kumi nyingine. Nilikuwa nimebaki na za mbao na rezini tu, basi akaenda zake Ahero kwenye kazi nyingine, na simlaumu. Nikaamua kufanya mwenyewe, maana nilikuwa nimemshikia makopo wiki mbili nikiona anavyochanganya.

Lakini kazi ile hufanywa ukiwa ndani, na hapa mwanamke haingii kwenye boti ya kuvulia. Ilipokuwa kifudifudi hakuna aliyesema neno. Nilipoinua mguu tu, vijana wawili wanaovua na Baba Akinyi wakapiga kelele.

"Mama, wachana na hiyo! Ukikanyaga huko samaki itahama yote!"

"Basi nani atanifanyia bure?" nikawauliza. "Wewe? Ama wewe?"

Nikaingia mchana kweupe, grainda, ile mashine ya kusagia, mkononi. Wale wawili walitafuta boti nyingine siku hiyo hiyo.

Kopo la kwanza niliharibu. Nilitia hadena, dawa ya kugandisha, nyingi mno kwenye jua la saa saba, rezini ikachemka, ikafuka moshi, ikawa jiwe. Elfu mbili hizo, kwaheri. Baadaye nikawa nachanganya kidogo kidogo asubuhi, na siku ya nne ubao mpya ulikuwa umeshika. Kwa jumla nimepita bajeti kwa elfu kumi na nne, na kodi ya chumba bado sijalipa.

Nilidhani Baba Akinyi naye ataniacha. Akaja, akaning'inia kwenye ule ubao kwa uzito wake wote, na si mtu mwembamba.

"Iko sawa," akasema. "Mimi niko na watoto watano wa kulisha. Samaki haiwezi jua nani alikaa wapi."

Akaleta injini yake na mpwa wake, wakaingia ziwani.

Siku mbili walirudi mikono mitupu, ufuo mzima ukanitazama mimi. Juzi wakaja na samaki saba wa mbuta, wale wanene wa ziwa hili. Wanunuzi wenye magari ya barafu walishazunguka boti, Baba Akinyi akawazuia: "Ngojeni. Mwenye boti achague kwanza." Nikachagua wawili wakubwa, nikapanda pikipiki kwenda kuwakaanga na kuwauza Mamboleo. Nililia njia nzima, mwenye pikipiki akadhani nimefiwa.

Msalimie shemeji, na shangazi anayekaa na Mama, na binti yangu mnayenilelea. Mwambie sare yake nitaituma mwezi ujao. Mama mwambie tu kwamba boti imeingia majini. Yale ya wavuvi na ya kungoja sikumwambia miaka yote sita, na kuanzia sasa, kwa kuwa simngoji mvuvi tena, sitakuwa na jipya la kumficha.

Mdogo wako anayekupenda,
Wakesho