Ufunguo Niliourudisha

Jumanne, Sanyuanli

Na bado nasema siachi mpira.

Leo shemeji Hamadi, mume wa dada, alinikabidhi ufunguo wa ofisi yake ya mizigo mbele ya wateja. "Shika kazi hapa, mwakani uwe laoban mwenyewe, bosi kama wasemavyo Wachina hapa. Miaka kumi na mbili beki wa madaraja ya chini Uingereza imetosha. Hata goti limechoka."

Nikamrudishia. Nilimwambia kuna kocha wa timu ya daraja la tano huko Uingereza kanipigia jana usiku, anataka nikafanye majaribio wiki mbili, bila ahadi.

"Majaribio, kwa umri huo?" Akacheka, na wateja wakacheka naye.

Dada hakucheka. Alinisindikiza hadi kituo cha metro, akaniuliza taratibu, "Na wakikukataa?"

Naogopa, humu daftarini sitajificha. Goti linavimba nikipanda ngazi. Lakini timu iliyoniacha iliniaga kwa simu ya dakika moja, nikiwa jikoni nakaanga mayai. Siwezi kukubali kwamba huo ndio ulikuwa mwisho.

"Wakinikataa, wanikatae nikiwa uwanjani, nimevaa njumu," nilimjibu.

Dada akatoa simu yake, akanikatia tiketi ya ndege ya Ijumaa, kwenda Uingereza.