Kibati cha Mumbua

Jumatatu, 15 Januari 1951

Maji mara mbili kabla ya jua kuwa kali. Nimefagia, nimefungulia mbuzi, nimepalilia kunde chini ya mitaro. Mama anasema mikono yangu imeanza kusahau kalamu. Haijasahau. Ndiyo maana naandika.

Mumbua amepita tena. Baisikeli nyeusi ya kike. Ilikuja kwa treni mpaka Emali, baba yake akaenda kuichukua. Chini ya kiti kuna kibati cha leseni ya baraza cha mwaka huu, kinang'aa. Amepiga kengele ingawa njiani hapakuwa na mtu ila mimi.

Tulimaliza shule pamoja mwaka jana. Katika mtihani nilimpita mbali. Mwalimu aliposoma majina, langu lilitangulia, nami nikainama kama mtu anayetafuta shilingi chini. Sasa yeye anafundisha watoto wadogo katika shule ya kilimani. Mimi nabeba debe.

Shule ile inataka mwalimu mwingine. Msimamizi alimwambia Baba, nikisikia: nafasi ni ya binti yako Ndinda, mradi awe anafika kabla ya watoto kuingia darasani. Atangoja mpaka katikati ya Februari, baadaye atamtafuta mwingine. Kwa miguu sifiki. Kwa baisikeli nafika.

Baba anayo baisikeli. Inaning'inia ghalani.

Jumatano, 17 Januari

Leo tena Baba amehutubia wageni.

Miaka mitatu iliyopita baraza la wilaya liliamuru kila baisikeli ilipiwe ada kila mwaka na ifungwe kibati. Isiyo na kibati askari anaichukua. Baba akaipandisha yake kwenye boriti za ghala, akaifunga kwa kamba, akaanza kutembea. Kijiji kizima cha Kalamba kinajua maneno yake. "Kichwa changu nimekilipia kodi. Kibanda nilikilipia. Sasa gurudumu nalo limeota kichwa?" Watu hucheka. Yeye hacheki. "Barabara hii tuliichimba sisi, kwa majembe yetu, bila mshahara. Nilipe nini ili nipite juu ya jasho langu?"

Chifu alimwita akamsihi. Baadaye akamtisha. Hakulipa. Lakini hapandi, kwa hiyo hawana la kumshika nalo.

Zamani maneno hayo yalinipa fahari. Shuleni tuliambiwa tuandike insha juu ya mtu mnyofu, nikamwandika yeye. Leo nilipomsikia nilitafuna shavu langu kwa ndani. Baba yake Mumbua, Mzee Muthoka mwenye duka, hulipa kila anachoambiwa alipe na haulizi kitu. Binti yake anapanda.

Ni Baba aliyenifundisha kupanda, kabla ya vibati kuanza. Alikimbia nyuma ameshika kiti, akisema, "Tazama mbele, mwaitu, mimi niko." Kwa Kikamba mwaitu ni "mama yangu". Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Jumamosi, 20 Januari

Niko mtoni, nachota kwenye kisima cha mchanga. Mumbua anavuka. Mchanga ukamshinda, akaibeba baisikeli begani akiwa na sketi yake nzuri, akaipigapiga chini ng'ambo ili mchanga utoke. Akaniita, "Ndinda, njoo siku moja nikubebe nyuma." Nyuma. Nikatikisa kichwa tu. Akaenda.

Nilipovuka kutafuta mbuzi nikakiona. Kimelala juu ya mchanga, waya umekatika. Kibati chake.

Ningeweza kumwita. Alikuwa bado anaonekana mlimani. Sauti yangu ni ndogo, hiyo ni kweli. Lakini sikufungua mdomo.

Kiko ndani ya mto wa kulalia.

Jumatatu, 22 Januari

Jana kanisani nilikaa nyuma yake. Gauni la bluu. Hajui bado. Sikusikia mahubiri.

Leo wote walikwenda shambani. Nilipanda ghalani nikakiweka chini ya kiti cha baisikeli ya Baba. Nilitaka kuona tu. Kilikaa vizuri. Nikakaa ghalani muda mrefu nikiitazama. Hata vumbi halikuonekana tena, nilikiona kibati tu.

Nimekirudisha ndani ya mto.

Alhamisi, 25 Januari

Siku ya soko. Nilikibeba, nimekifunga pembeni ya leso. Nilijiambia nitampa Mumbua nikimkuta peke yake.

Hakuwa peke yake. Askari wa baraza walikuwa wamesimama penye njia ya kuingilia soko wakikagua chini ya kiti cha kila baisikeli. Mumbua alishuka kwa madaha, kama mtu asiye na deni. Askari akainama. Akainuka.

"Kibati kiko wapi, dada?"

Mumbua akainama mwenyewe. "Kilikuwapo. Kimeanguka."

"Leo vyote vimeanguka. Sijui ni upepo gani huu."

Watu wakacheka. Mumbua akasema, "Mimi ni mwalimu, sisemi uongo."

"Basi mwalimu atatembea. Miguu haina leseni."

Wakaipakia kwenye lori juu ya nyingine. Mumbua hakulia. Alisimama wima, kidevu juu, na nyuma ya sketi yake kulikuwa na alama ya vumbi la kiti. Mimi nilikuwa karibu na wauza viazi. Hatua chache. Watu wengi mno. Nikabaki pale pale.

Nilifurahi pia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lori lilipoondoka nilifurahi, na furaha iliisha kabla sijafika nyumbani.

Jumamosi, 27 Januari

Mzee Muthoka amekuja. Hakuketi. Alimwambia Baba kwamba Mumbua amekumbuka: kibati kilikuwapo alipofika mtoni Jumamosi iliyopita, na watu walimwona Baba akinywesha ng'ombe pale pale jioni ile.

"Sikuiti mwizi, Baba Ndinda. Nauliza tu."

"Umeshauliza. Mimi sina kibati na sitaki kibati. Hilo hata mbuzi wa Kalamba wanalijua."

"Ndilo watu wanalosema. Asiyetaka kulipia chake huokota cha mwenzake."

Baba alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole. Uso wake sijawahi kuuona hivyo. Miaka mitatu ametembea kwa miguu ili asiwe na deni kwa mtu, na sasa anaitwa mwokotaji wa vibati.

Akasema atakula kithitu.

Mama alishika mlango.

Jumapili, 28 Januari

Niliandike ili nilione vizuri. Kithitu ni kiapo cha wazee wetu. Anayeshukiwa anaapa mbele ya watu: kama nimechukua, kama kitu hiki kiko nyumbani kwangu, kithitu kinile mimi na watu wangu. Akiwa mwongo, jamaa zake wanaanza kufa mmoja mmoja. Watu hawachezi nacho. Hata wa kanisa hawapiti karibu na mahali kinapowekwa.

Baba ataapa akijua anasema kweli. Na kitu kiko nyumbani kwake. Kiko chini ya kichwa changu.

Mzee wa kanisa amekuja baada ya ibada. Amesema mtu wa kanisa akila kithitu, meza ya Bwana hataikaribia tena. Baba akajibu, "Na mtu akiitwa mwizi, meza hiyo atainamia kwa uso gani?" Mzee wa kanisa akaaga.

Wazee wamekubali. Ni Jumatano.

Namwonea Mumbua wivu hata leo. Amepoteza baisikeli na watu wote wanamwonea huruma. Mimi nikipoteza kitu, nitakuwa nimepoteza watu wangu wote.

Jumatatu, 29 Januari

Nilijaribu kumwambia Baba asubuhi alipokuwa anakama. Nikasema, "Baba." Akasema, "Ee, mwaitu." Nikauliza kama nimletee kibuyu kingine.

Jumanne, 30 Januari

Nimesema. Si kwa mdomo.

Baba alikuwa nje anakunywa chai. Nilimpelekea viazi kwenye sahani na nikaweka kibati kando ya viazi. Nikabaki nimesimama mbele yake. Nilidhani atapiga kelele. Alikitazama, akakigeuza, akasoma mwaka ulioandikwa. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Ulikiweka kwenye baisikeli yangu?"

Nikasema ndiyo. Kujaribu tu.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alifunika uso kwa kiganja kama anayekinga jua, na jua lilikuwa nyuma yake.

Mama amelia jikoni. Hajasema nami.

Jumatano, 31 Januari

Badala ya wazee na kithitu, tulikwenda dukani kwa Mzee Muthoka. Baba mbele, mimi nyuma nikivuta mbuzi wa fidia. Mbuzi ni wangu, yule mweupe niliyepewa na nyanya. Ilinibidi niseme mwenyewe, mbele ya wateja. Nilisema. Sauti ilitoka ndogo, wakaniambia nirudie. Nikarudia.

Mumbua alikuwa nyuma ya meza ya duka.  Alinitazama kama mtu anayesoma ubao ili anakili na haelewi kilichoandikwa.

Mzee Muthoka alicheka. Mtu mwema, hilo sasa nalijua, na linaniuma. Alisema watoto ni watoto. Alimpa Baba mkono. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama anayemweleza mtu bei ya chumvi, "Lakini Baba Ndinda, ungelipa tu tangu mwanzo, yote haya yangetoka wapi?"

Baba ana jibu la swali hilo. Nimelisikia miaka hii mitatu, nalijua kwa moyo. Nikangoja. Wateja pia waligeuka wakangoja, wengine wameanza kutabasamu.

Hakulisema. Alisema, "Asante kwa kutupokea," akatoka.

Ijumaa, 2 Februari

Mumbua amerudishiwa baisikeli. Baba alikwenda naye kambini kwa chifu na kutoa ushahidi.

Jumatatu, 5 Februari

Asubuhi Baba alipanda ghalani. Nilisikia kamba zikikatwa. Aliitelemsha baisikeli, akaifuta, akatia upepo magurudumu, akaondoka akiisukuma. Hakuipanda. Mama aliuliza anakwenda wapi, akasema kambini.

Alirudi jua limegeuka. Kibati kilikuwa mkononi mwake, hakutaka kukifunga huko mbele ya makarani. Alikaa kwenye kigoda akakifunga kwa waya chini ya kiti, akauzungusha waya mara nyingi kuliko inavyohitajika, akaukata kwa meno.

Akasema, "Waya wa Mumbua ulikuwa mwembamba. Huu hautakatika."

Mama anasema chifu aliinuka kitini akamsalimu kwa mikono miwili. Makarani walitoka nje kutazama.

Chifu hakumweza. Baraza halikumweza. Mimi nilimweza.

Jumatano, 7 Februari

Msimamizi ameambiwa. Naanza Jumatatu. Mama ameniombea kitambaa dukani na kunishonea sketi. Ananisemesha sasa, maneno machache, ya kazi.

Nilitaka kumwambia Baba sitaki. Kwamba nitatembea, nitaamka mapema zaidi, nitakimbia. Nilifika mpaka penye zizi. Akasema kabla yangu, "Mahindi yanaingia ghalani wiki hii. Baisikeli haina pa kukaa." Nikarudi.

Jumatatu, 12 Februari

Watoto wadogo wengi. Mmoja alilala juu ya sleti yake. Niliandika herufi ubaoni na mkono haukuzisahau. Sauti ilinisumbua, lakini wao nao wana sauti ndogo, tukasikilizana.

Mumbua alinisalimu. Wakati wa kurudi aliondoka kwanza, nami nikamfuata katika vumbi lake. Mtoni kila mmoja alibeba yake. Ng'ambo alisimama, akainama kutazama chini ya kiti chake. Kisha, bila kunitazama, akangoja na mimi nitazame changu. Akaenda.

Baba yake alikuwa mlangoni pa duka anabishana na mtu juu ya mvua, anacheka kwa sauti, vile vile kama siku zote. Nikaona wivu bado haujaniisha. Umehama tu.

Karibu na nyumbani nilimkuta Baba njiani. Anatoka sokoni kwa miguu, gunia begani. Alikuwa na mzee mgeni, na mgeni alikuwa akimlalamikia juu ya ada za baraza, mikono inaruka. Baba alimsikiliza. Hakuongeza kitu.

Waliposikia baisikeli walisogea pembeni, kwenye nyasi. Nikataka kushuka.

"Pita, mwaitu," akasema. "Tazama mbele."